Bahasha ya Pili

Mtoa dawa aliutambua mkono kabla ya uso. Ulipenya chini ya kioo cha dirisha ukiwa na cheti cha daktari, na kidole chake cha mwisho kilikuwa na ukucha mrefu, ule ambao mafundi cherehani wengine huufuga kwa kulazia pindo. Mkono huohuo ndio uliomtoa mdogo wake kwenye ndoa na kumrudisha kwa mama yao, yeye na godoro lililofungwa kamba, na mwenye mkono akasema palepale mlangoni, "Kifafa hiki kimetoka kwenye damu yenu. Kaeni nacho."

Miezi minane baadaye mdogo wake alishikwa na kifafa akiwa anafua peke yake. Aliangukia uso kwenye beseni. Maji yenyewe hayakufika hata kiwiko. Mama ndiye aliyemkuta. Tangu siku ile mama aliufukua ukoo mzima, mababu na mashangazi, akitafuta kifafa kiliingilia wapi, na alipokikosa kote akaanza kujishuku mwenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

"Kumbe ni wewe, shemeji," fundi alisema, akichungulia. Alikuwa amekonda.

"Ni mimi. Keti pale, nitakuita."

Alikisoma cheti akiwa amempa mgongo. Kilisema ubongoni mna vifuko sita vya mnyoo tegu, vitano vizima na kimoja kinaanza kufa. Tumboni nako yumo tegu mkubwa. Dawa mbili: ya kumuua mdudu, na ya kutuliza uvimbe, na hii ya pili ndiyo itangulie.

Alikuwa ametoa dawa miaka kumi na mitatu, na jambo hili alilijua kama njia ya kwenda chooni. Kifuko cha tegu kikiwa kizima ubongoni hakina makelele. Hujifunika, huwatia usingizi askari wa mwili, nao wakapita mbele yake wakidhani ni ukuta. Mtu hubeba vifuko miaka na miaka na asijue. Balaa ni siku mdudu anapokufa. Hapo usingizi unakatika, askari wanashtuka wote kwa pamoja na kuja na marungu, na rungu halichagui: wanampiga mdudu, wanaibomoa na nyumba. Ubongo unavimba, na fuvu halina mlango wa dharura. Dawa ya uvimbe kazi yake ni kuwashika askari mikono. Ukimpa mtu wa vifuko sita dawa ya mdudu peke yake, unaweza kumzika.

Akajaza bahasha ya kwanza kwa dawa ya mdudu. Mkono wake ukasimama juu ya kopo la pili. Kisha akalifunika kopo.

"Fundi," aliita.

Fundi akaja. Mtoa dawa akaisukuma bahasha moja chini ya kioo.

"Asubuhi kidonge, jioni kidonge. Siku kumi."

"Daktari alisema ziko aina mbili."

"Daktari yuko kule. Hapa niko mimi."

Nyuma ya fundi, dereva mmoja mzee mwenye mguu uliofungwa bandeji alichoka kusimama. "Fundi, mwachie dada dirisha. Au unamchukua vipimo vya gauni?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Aliishika bahasha, akainamisha kichwa karibu na kioo na kusema kwa sauti ya msibani, "Shemeji, simsemi vibaya marehemu. Lakini si unaona? Dada yako ameniachia ugonjwa wake."

Akageuka, akaenda kwenye bomba la maji karibu na mlango na kuanza kuifungua bahasha.

Mtoa dawa alibaki kama aliyepigwa kofi. Alikuwa ameshajiandaa kwa kifo cha mtu huyu, hata matanga yake alikuwa ameshayakalia moyoni. Lakini hili hakulitarajia. Akifa hivi atakufa na haki yake mkononi, ameonewa, na watu watasema masikini, mke alimwambukiza. Na mama ataongeza kaburi jingine kwenye hesabu ya damu yake.

"Usimeze," alisema. Hakupaza sauti, ila foleni yote ilimgeukia. "Rudi hapa."

Fundi akarudi, kidonge kiganjani.

"Vile vipande vyeupe chooni, kama utepe. Ulianza kuviona lini?"

Fundi akatazama kushoto na kulia. "Shemeji, watu..."

"Lini?"

"Zamani."

"Kabla ya kuoa au baada?"

Dereva mzee aliusahau mguu wake.

"Kabla," fundi alisema. "Niliona aibu. Nikajua vitaisha vyenyewe."

"Na ulikuwa unamlisha. Ukimenya embe, ukimenya papai, unamtilia mdomoni kwa mkono wako, mitaa yote inasifu, jamani mume. Kwa ukucha huo." Alisema polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa. "Mayai ya tegu hutoka tumboni mwa aliye naye, yakashika mkononi na ukuchani. Mwenzako akiyala, yanapanda kichwani yakawa vifuko. Ukijilisha mwenyewe, nawe yanakupanda. Vifuko vyake vilitangulia kufa, ndiyo maana akaanguka yeye kwanza. Damu yetu haina kitu, shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako, na chako umekaa nacho tumboni tangu ujana."

Kidonge kilianguka sakafuni. Fundi aliinama kukiokota, na hakuinuka upesi.

Mtoa dawa akafunua kopo, akaijaza bahasha ya pili, lakini hakuisukuma chini ya kioo. Akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe.

"Hiyo ya kwanza ukiimeza bila hii, kichwa kitavimba ufe. Hii utaikuta kwa mama mchana huu. Kila asubuhi na kila jioni utaenda kuimeza mbele yake, na kabla hujameza utamwambia ugonjwa ulitoka wapi."

"Shemeji, hilo daktari hakuliandika."

"Mwambie aongeze."

Mchana alimkuta mama kibarazani anachambua mchele. Alimweleza kwa maneno machache. Mama hakulia. Aliliweka sinia chini, akaipokea bahasha na kuishika kwa mikono miwili.

Fundi alifika jua likiwa utosini. Alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi, akasema akitazama miguu yake, "Mama, kile kifafa kilitoka kwangu."

Mama, anayesikia hata sisimizi akikohoa, aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Unasemaje, baba? Siku hizi sisikii."

"Kilitoka kwangu, mama."

"Sogea. Sema kwa nguvu."

Fundi akasema kwa nguvu. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aligeuka, shuka mikononi. Mama akamtazama jirani, akahakikisha ameyashika maneno vizuri, kisha akatoa vidonge na kikombe cha maji.

"Meza," alisema. "Jioni uje tena. Jirani wa upande ule bado yuko kazini."

"Bado hajasikia, mama," mtoa dawa aliongeza.

"Ndiyo. Jioni atakuwepo."