Maji ya Uji

Hasira zangu ziko karibu, shule nzima inajua, na siku ile ya mgeni rasmi zilikuwa na haki yake.

Kiangazi, kila mwanafunzi wetu huja na kidumu cha maji kutoka bondeni, maana bomba la shule lilikauka zamani, imebaki koki tu. Maji hayo ndiyo uji wa saa nne. Wanangu wa darasa la kwanza wengi hutoka nyumbani hawajatia kitu tumboni, wakitegemea kikombe hicho. Asubuhi ile mwalimu mkuu, Mwalimu Mathias, aliamuru mstarini vidumu vyote vimwagwe uwanjani.

"Vumbi litulie. Mgeni anatoka Sumbawanga mjini, na gari lake ni jeupe."

"Na uji, Mwalimu?" niliuliza.

"Mwalimu Edith, ni leo tu. Hawatakufa."

Nikamwambia maji yale si yake. Akanipa mgongo, watoto wakamwaga. Mgeni akachelewa, na alipofika upepo ulikuwa umekwisha kuukausha uwanja na vumbi limerudi kama kawaida.

Akaketishwa kwenye meza yenye kitambaa, chini yake katoni za maji ya chupa. Akaanza kufundisha. Maji ni uhai, watoto. Tusiyamwage ovyo. Ukimaliza kunawa, funga bomba. Funga bomba! Watoto wakatazamana. Zenon, mdogo kuliko wote darasani kwangu, alikuwa amelaza kichwa magotini kwa njaa.

"Nani ataniambia kwao wanatunzaje maji?"

Debora wa darasa la tano akasimama. Kwao ni wafugaji waliohamia huku kutoka Shinyanga.

"Maji yaliyooshewa vyombo tunawapa ndama."

"Safi sana! Mpigieni makofi. Na hapa shuleni?"

"Hapa tunayamwaga chini ili gari la mgeni lisichafuke. Leo hatujanywa uji."

Makofi yakakatika. Mgeni akacheka kidogo, akajifuta midomo.

"Debora!" Mwalimu Mathias alifoka. "Kapige magoti mbele ya ofisi!"

Mtoto amefundishwa, ameelewa, amejibu sawasawa, halafu anaadhibiwa!

"Debora, kaa," nikasema. Kisha nikainama, nikavuta katoni chini ya meza.

"Mwalimu Edith! Hayo ni ya mgeni!"

"Na yale yalikuwa ya uji."

Nikazibeba jikoni. Kristiana, mpishi wetu, alikuwa amekaa kando ya sufuria kavu, unga wa ulezi mapajani. Tukafungua chupa moja baada ya nyingine, tukamimina, akawasha moto. Mwalimu Mathias alisimama mlangoni akinitishia barua ya onyo. Nilimwambia aandike, ila apishe moshi utoke.

Uji ulitosha darasa la kwanza peke yao. Zenon alikunywa akalamba kikombe. Waliobaki, mkuu aliwaamuru warudi bondeni na vidumu vyao, katika jua lile la mchana, ili jioni maua ya mbele ya ofisi yasikauke.

Nilikuwa nao njiani, kidumu mkononi, nikitukana kimoyomoyo, tuliposikia honi. Debora aliwavuta wenzake pembeni. Gari jeupe likapita, mgeni akatupungia mkono kwa tabasamu, halafu vumbi likatufunika sote.