Nyumba Thelathini Bila Kelele

Nyumba thelathini, na hakuna hata mzazi mmoja aliyemfokea mwanawe wiki nzima! Msimamizi wa utafiti aliyabwaga madodoso mezani, akamgeukia mdadisi wake, mama aliyezipitia nyumba hizo akiuliza maswali.

"Dada, hawa ni wazazi au malaika? Ama umejijazia mwenyewe nyumbani? Ukiniletea sifuri tena, kazi basi."

Mama wa watu aliondoka amenywea. Hakuwa amebuni hata jibu moja: aliuliza, wakakana, akaandika. Na kazi yenyewe alikuwa ameisotea mwaka mzima.

Jioni bintiye wa miaka tisa alimkuta ameinamia karatasi, akaomba naye aulizwe. Mama akakaa wima, kitambulisho kifuani, akasoma: "Katika siku saba zilizopita, mtoto amefokewa, ametukanwa au amepigwa mara ngapi?"

Binti akaangua kicheko. "Mama, unauliza kama polisi! Hata mimi ningekana. Lete nikuonyeshe." Akamvua kitambulisho, akaketi karibu naye hadi magoti yakagusana. "Pole na kazi, mama. Wiki hii ulichoka sana siku gani?"

"Jumanne," mama akajibu bila kufikiri.

"Ulipochoka hivyo, ikawaje?"

"Nilikuita mjinga. Kisa kikombe tu." Aibu ilimjaa, machozi yakamlengalenga. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe," binti akasema, akiweka alama kwenye fomu. "Sasa tuje Alhamisi."

Asubuhi mdadisi aliomba ruhusa ya kubadili mpangilio wa maswali: uchovu kwanza, ukali baadaye. Msimamizi akacheka kwa dharau.

"Haya, nijaribu mimi. Kwangu hatuna mambo ya kufokeana."

Mdadisi akavuta kiti karibu. "Pole na kazi, bosi. Wiki hii ulichoka sana siku gani?"

"Siku gani? Siku zote! Leo asubuhi tu, kitindamimba wangu na viatu vyake, nikamwambia..." Akajikuna shingo. "Ya leo nayo mnahesabu?"

"Tunahesabu, bosi."

"Basi andika tatu. Na utumie huo mpangilio wako." Alikuwa ameshashika simu, anapiga nyumbani. "Mama watoto, hebu mpe kitindamimba simu. Hapana, hajakosa kitu. Mimi ndiye niliyekosa."