Maji Iko Nguvu

Jumatatu asubuhi Mama Libérata alitega bidoni yake ya njano chini ya robine ya kartiye yao, kule Rubaya, akaifungua, na maji yakatoka kama fimbo. Hayakuwa barafu. Yalikuwa maji ya kila siku, yenye uvuguvugu kidogo, ila yalikuwa magumu. Akangoja fimbo ifikie urefu wa mkono, akaivunja kwa goti kama muwa, akailaza pembeni, akangoja nyingine.

"Za leo ziko nyembamba, mama," akasema Françoise, aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari.

"Presio njo iko ndogo."

Kufikia Jumanne wanawake walikuwa wanakuja na kamba, kama watu waendao kuni. Bidoni zikapewa kazi ya kutunza kasiksi, pombe ya ndizi. Watoto walitafuna maji njiani, na mwalimu akayakataza darasani kwa sababu ya kelele.

Kila mtu alijua jambo hili lilikotoka. Wiki iliyotangulia alipita Symphorien, animateri wa mradi wa maji, mwenye jile ya bluu, kizibao cha kazi, akauliza: "Maji yenu iko nguvu?" Mradi ulimtuma kuuliza habari za maji ya chokaa, yale yanayokataa povu la sabuni na kuacha utando mweupe ndani ya birika. Lakini kwa Kiswahili cha huku jiwe gumu ni nguvu, na kitu kisichopatikana pia ni nguvu. Kartiye nzima ikajibu kwa sauti moja: "Iko nguvu sana!"

Na ilikuwa kweli. Zamani muzungu wa shamba alivuta chemchemi ile kwa ng'ombe wake. Akaondoka, na tajiri aliyefuata akaivuta kwa ng'ombe wake. Siku hizi wenye machimbo ya koltani wanaivuta huko juu ya kilima, kuosha mawe. Bomba la watu limepokea masazo ya ng'ombe, kisha masazo ya mawe, na serikali zote zilizopita hapo katikati zilikuwa zinaoga.

Symphorien akapeleka jibu redioni, na Jumapili, siku moja kabla ya fimbo za kwanza, redio ikatangaza: "Maji ya Rubaya iko nguvu." Maji, yaliyozoea kuheshimu redio kuliko watu, yakatii.

Shida ya Libérata ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo wakwe walikuwa wanatoka Pinga na pikipiki kumchukua binti yake Gaëlle, na mkwe anayepewa maharagi yasiyoiva anajua amekataliwa. Anageuza pikipiki bila kuaga. Na maharagi yenyewe, yaliyokuwa motoni tangu Jumatano pamoja na fimbo za maji, bado yaligongana ndani ya sufuria kama misumari. Alhamisi akaenda kwa Symphorien.

"Kaka, lainisha hii maji."

"Mashini ya kulainisha iko, mama. Lakini inaombaka maji ya kuizungusha."

"Si njo maji hatuna!"

"Mulisema iko nguvu. Hakuna mwenye alisema hakuna."

Libérata akamtazama kama mtu anayechagua pa kupiga.

"Basi tangaza tena. Sema maji iko juu, kwa benye mawe, na banaiibaka tangu bababu zetu!"

"Mama, redio inanipaka nafasi kidogo tu. Nyuma yangu kuko tangazo ya mbuzi yenye ilipotea."

Jioni redio ikasema: "Maji iko juu." Kisha ikaja habari ya mbuzi.

Ijumaa robine ilipofunguliwa maji yakatoka laini kabisa, yakapanda. Yalipita mabati ya nyumba, yakajipinda hewani, yakaelekea kilimani na kumwagika kwenye mifereji ya kuoshea koltani. Wanawake hawakupoteza wakati. Walisimamisha ngazi, wakapanda juu ya mabati, wakainamisha mabeseni midomo chini. Beseni likijaa unalifunika upesi kwa chini, unaligeuza, unaweka jiwe juu ya kifuniko.

Jumamosi wakwe walimkuta Libérata juu ya nyumba, na sufuria yake ya pili. Jean-Luc, bwana arusi, hakuruhusiwa na desturi kumtazama mama mkwe kutoka chini. Akageuza kaske, kofia yake ya pikipiki, kioo kikawa kisogoni, akasimama hivyo. Baba yake, Papa Darius, akazungumza na mabati.

"Mama mukwe, shuka tusalimiane."

"Ngoja papa, sufuria haiyajaa."

"Mi niko mu giza hapa!" akalia Jean-Luc ndani ya kaske.

"Vumilia, mutoto," akasema baba yake. "Ndoa njo vile iko."

Maharagi yakaiva. Yalitaka kupaa kidogo, ikabidi kila mmoja afunike sahani yake kwa kiganja, lakini yalikuwa laini, na Papa Darius aliongezwa mara mbili. Gaëlle akakalishwa nyuma ya pikipiki ya mumewe, na hakuna aliyeondoka bila kuaga.

Papa Darius alichelewa kidogo, akiangalia ule mto juu ya vichwa vyao, uking'aa kuelekea machimbo.

"Na ile maji yote inaenda wapi?"

"Kwenye inaendaka siku zote, papa," akasema Libérata. "Ni vile tu sasa munaiona."

Papa Darius akatikisa kichwa kukubali, akavaa kaske, akawasha pikipiki.