Betri ya Pasikali

Venanti alizipanga betri kwenye kaunta ya Mwanaheri, mjini Kasulu, akaanza kuzipima moja baada ya nyingine.

"We fundi, unataka kununua betri au kuioa?" Mwanaheri aliuliza, na wateja waliokuja dukani kwake kutafuta vipuri vya simu wakacheka.

"Nisamehe, dada. Ni ya redio ya mama."

Redio hiyo aliiunda mwenyewe ndani ya kisahani cha sabuni, ili mama yake Ndayikunda aweze kuiegesha sikioni. Tangu wamzike Pasikali, kaka yake Venanti, mama hakuwa na usingizi. Betri ya tochi ilikuwa nene, haikuingia. Ya simu ilienea sawasawa, tena huchajiwa. Ila hizi za dukani zilionyesha nguvu nzuri mpaka alipoziunganisha na balbu ndogo. Hapo mshale wa mita ulianguka.

"Ile ya simu ya marehemu kaka yako ndiyo ilikuwa orijino," Mwanaheri alisema. "Lakini hamjaanua matanga. Usiiguse. Chukua hii yangu, hata kama ni dhaifu."

Venanti alishukuru, akarudi kijijini Makere mikono mitupu. Alijua kwamba vitu vya marehemu havitumiwi mpaka matanga yaanuliwe, shangazi wakae wagawe nguo, jembe na baiskeli. Lakini nani angekaa kugawa betri? Aliichomoa kwenye simu ya Pasikali, akaipima kwa balbu. Mshale haukutikisika. Akaifunga redioni.

Mwanzoni mama alilala. Kisha asubuhi moja yenye ukungu akamwita. Alikuwa ameiacha redio katikati ya stesheni mbili, mahali pasipo na kitu ila mvumo.

"Sikiliza. Pasikali anakohoa."

Venanti akatega sikio. Mvumo. Halafu kikohozi kile kile kifupi, kinachoishia kwa kuburuta, alichokisikia nyuma ya ukuta muda wote wa ugonjwa.

Hakupiga kelele. Alibadili waya wa antena, kikohozi kilikuwepo. Aliunganisha betri za tochi kwa nje, mvumo mtupu. Akairudisha ya Pasikali. Kikohozi.

Mama akaacha kwenda shambani. Akaacha na kula. Kutwa alikuwa akijibu redioni, "Ndakwumva, mwana wanje," nakusikia, mwanangu. Shangazi walipotuma mtu kuuliza siku ya matanga, alimjia juu.

"Nitaanuaje matanga ya mtu anayekohoa?"

Mtu akarudi na jibu hilo, na shangazi hawakutuma tena. Mama alizidi kukonda. Venanti alimtazama akikauka, asijue amfanyie nini, mpaka alipoona mfuniko wa kile kisahani umeinuka. Betri ilikuwa imevimba. Betri ya namna hiyo huweza kuwaka moto, na hii ilikuwa ikilala shavuni kwa mama. Alikwenda tena Kasulu, akaichukua ile dhaifu. Safari hii Mwanaheri hakutania.

"Mama, lazima niitoe," alisema aliporudi.

"Ni ya Pasikali, sivyo?"

"Ni yake. Niliichukua kabla ya wakati."

Mama alinyoosha kiganja, akawekewa. Alilipapasa lile tumbo la betri kama anayepapasa paji la mgonjwa.

"Imekuwaje?"

"Inachajiwa kila siku, mama. Haipumziki."

"Kwa hiyo nimemchosha."

Venanti hakuwa mtu wa kusema jambo ambalo hajalipima. Aliitazama ile mikono iliyobaki mifupa.

"Umemchosha, mama."

Mama aliifunga betri kwenye pindo la kanga. "Tukaifukie karibu naye. Halafu waite shangazi zako."

Venanti alifunga ile betri dhaifu, akaiwasha redio kati ya stesheni mbili. Mvumo mtupu. Akainama kuchukua jembe.

Kikohozi kilitoka nyuma ya ukuta, chumbani kwa Pasikali, ambamo hamkuwa na mtu wala redio.

Mama alifumbua mdomo kujibu. Akaufumba, akakaza kanga kiunoni, akamwashiria Venanti watoke.