Damu ya Watu Watatu

Mwalimu wa darasa ndiye aliyegundua kwanza. Alimwita mama wa msichana shuleni, akamkalisha kwenye kiti cha mwanafunzi, akamfungulia madaftari mawili: la mwaka jana, mwandiko umenyooka kama umechapwa, na la mwaka huu, herufi zimelala chali, nyingine zimevuka mstari. Akauliza kama nyumbani kuna tatizo. Mama akasema hakuna, na siku hiyo hakuwa anadanganya. Uongo ulikuja baadaye.

Msichana alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, fundi wa friji, alimpachika jina la Redio tangu akiwa mdogo, kwa sababu akifumbua macho ameanza, na mpaka alale ndipo anazima. Alikuwa na mdogo wake wa kike wa miaka mitano, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Mama yao alifunga vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Alikunja kurasa, akazishona, akapaka gundi mgongoni mwa kitabu, na alikuwa na mikono mizuri kiasi cha kugundua kitabu kilichopungua karatasi mbili kwa kukipima kiganjani tu. Mwandiko ule haukumtoka akilini.

Zahanati waliwapa vidonge vya kuongeza damu. Mama mkwe akasema ni umri tu, mtoto anavunja ungo, mumwache. Lakini macho yalipoanza kupiga manjano, wakaandikiwa kwenda hospitali kubwa. Baba alikuwa na chumba cha baridi cha bucha kilichoharibika na nyama inamsubiri, kwa hiyo mama alikwenda na binti yake peke yao.

Daktari wa ini alikuwa mwanamke mwembamba, aliyezungumza huku anaandika. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Alisema anashuku ugonjwa wa shaba. Chakula chochote kina chembe za madini hayo, alieleza, na ini zima huyatoa. La mtoto huyu huenda linayalimbikiza, na yakijaa hupanda hadi kwenye ubongo. Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Mtoto hupokea kasoro mbili, moja kwa mama na moja kwa baba, wakati wao wenyewe ni wazima. Dawa ipo, na ikiwahi mtoto anaishi kama wenzake. Ila ni dawa ya kunywa maisha yote, na vipimo vya kawaida vilikuwa havijasema ndiyo wala hapana, hivyo alitaka uhakika wa vinasaba.

"Alhamisi uje na baba yake," alisema bila kuinua kichwa. "Nataka damu ya watu watatu. Wewe, baba na mtoto."

Mama aliitikia vizuri tu. Lakini kuanzia pale hakusikia lingine.

Miaka kumi na mitatu nyuma, mumewe alikuwa amechukua kazi ya mbali, miezi mitano ya kufunga mitambo ya barafu. Ndoa ilikuwa na miaka mitatu bila mtoto, na mama mkwe alikuwa ameanza kumwangalia tumbo kabla ya kumwangalia usoni. Msimamizi wa zamu kiwandani alikuwa mtu wa maneno laini. Ilitokea mara mbili, katika stoo ya karatasi, wala haikuwa mapenzi. Mumewe akarudi wiki ile ile. Mwezi uliofuata akajikuta mjamzito, na alipohesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda, siku ziligoma kusema baba ni yupi. Msimamizi alihamia kwingine. Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alitangaza kwamba paji la uso ni la upande wao, na mama akalishika neno hilo kwa mikono miwili.

Sasa walikuwa wanatoka hospitali, na Redio alikuwa anamuuliza kama sindano ya Alhamisi itauma. Mama alimwambia wasimsumbue baba kwanza, ana kazi nyingi, atamwambia mwenyewe. Mtoto ambaye hakuwahi kutunza hata siri ya zawadi ya mtu alikubali, akanyamaza.

Mume alipouliza, aliambiwa ni damu pungufu. Muuguzi alipopiga simu, aliambiwa baba yuko safarini. Alipiga tena, bado yuko safarini. Mara ya tatu mama aliahidi wiki ijayo, kisha akabadilisha namba.

Msidhani hakujaribu kujua. Siku moja wakati wa chai kiwandani alimwuliza mpanga kurasa, binti mmoja msomi kidogo, akijifanya ni habari ya jirani: hivi mtoto akipimwa vinasaba kwa ugonjwa, huonekana na baba ni nani? Yule binti akacheka. Akasema mashine zile hazina aibu, jirani yako aandae mizigo. Wote mezani wakacheka, na mama akacheka nao mpaka chai ikamwagika. Hakuuliza mtu mwingine tena. Mtu pekee aliyejua jibu alikuwa daktari, na daktari ndiye mama aliyekuwa akimkimbia.

Miezi saba ikapita hivyo. Vidonge vya damu vilinunuliwa kwa wingi. Mkono wa kulia wa Redio ulianza kutetemeka hata akiwa ameketi, kisha maneno yakaanza kuwa mazito, kama mtu anayeongea na kitu mdomoni. Watoto wa mtaani walimwiga. Shule ikaomba apumzike nyumbani mpaka apone. Mdogo wake akawa ndiye msemaji: dada anataka maji, dada anasema feni izimwe. Baba alisema hii damu pungufu gani isiyoisha, waende kwingine. Kila mara mama alikuwa na sababu mpya, na kila Jumapili alijiapiza kwamba Jumatatu ataongea. Kuna siku alifika mpaka kwenye geti la hospitali. Akasimama pale akihesabu magari yanayoingia, kisha akarudi kazini, akashona vitabu.

Redio alianguka asubuhi, mama akiwa kiwandani. Alitapika damu kwenye sinki na kuanguka sakafuni. Baba aliacha vifaa vyake vimetawanyika, akambeba hadi barabarani, akasimamisha gari la kwanza. Hospitalini walifukua faili, na daktari yule yule akamwonyesha mstari ulioandikwa mara tatu: baba hajafika.

Mama alipofika, alimkuta mumewe kwenye benchi la korido, mashavu yamemshuka, suruali ya kazi ina madoa. Hakupaza sauti.

"Uliniambia damu pungufu."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini? Waliniita mimi. Damu yangu. Ningekataa lini?"

Alimwambia. Alimwambia yote, stoo ya karatasi, mara mbili, siku zisizohesabika. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akatoka nje kwenye maegesho, akasimama kati ya magari akiwa amewapa mgongo watu wote. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akarudi, akampita mkewe kama anayepita nguzo, akaingia wodini kwa mtoto.

Daktari alimwita mama ofisini. Hapo ndipo alipoliuliza swali lake, akiwa amechelewa miezi saba: je, kipimo kile kingesema baba ni nani?

Safari hii daktari aliweka kalamu chini. Alisema damu ya mtoto peke yake haiwezi kusema hivyo. Inaonyesha tu kama kasoro zipo. Ya wazazi huongezwa ili kujua kila kasoro imetoka wapi, na hapo ndiyo, ikiwa baba siye, inaweza kuonekana. Lakini inasaidia tu, si lazima. Na hata ikionekana, yeye hana kawaida ya kuandika jambo hilo kwenye majibu ya ugonjwa.

"Ungenifuata pembeni, ukaniambia baba asihusishwe, ningempima mtoto tu," alisema. "Wiki chache baadaye angekuwa kwenye dawa."

Mama hakulia. Aliuliza kama sasa dawa itafaa.

"Ini tutajaribu kuliokoa. Kuongea na mikono, siwezi kukuahidi." Daktari akalifunga faili. "Na mimi sikukueleza. Siku ile nilikuwa na wagonjwa arobaini, nikadhani umeelewa."

Damu ya mtoto ilichukuliwa, na majibu yakaja: kasoro mbili, kama alivyoshuku. Mdogo wake naye akapimwa, akakutwa salama. Daktari alimweleza baba kwamba akitaka, anaweza kutoa damu kukamilisha kumbukumbu. Baba akauliza kama hiyo itabadilisha dawa. Akaambiwa haibadilishi chochote.

"Basi niache," alisema. "Huyu nimemlea mimi."

Redio alikaa wodini wiki sita. Siku moja, mama akimchana nywele, alianza kusema kitu. Ilimchukua muda, ulimi unakwama, mate yanamtoka, anaanza upya. Mama alisubiri, akadhani anaomba maji.

"Mbona... hatukurudi?"

Mama alishusha kitana. Akasema alikuwa mwoga. Redio akamwangalia kwa muda, akitafuta neno la kufuata, hakulipata, au aliona halina faida kulitafuta. Akageuza kichwa ili upande wa pili uchanwe.

Ini lilitulia. Sauti haikurudi ila vipande vipande, na mkono wa kulia hadi leo hauwezi kushika kalamu. Baba hakuhama nyumba, ingawa ndugu zake walimshauri ahame. Alihamisha kitanda chake chumba cha watoto, kwa sababu dawa hunywewa tumbo tupu alfajiri na hakutaka mtu mwingine aisimamie. Yeye na mkewe waliongea mambo ya lazima tu: gesi imeisha, kliniki ni saa mbili.

Ilipita karibu mwaka kabla hajamuuliza lolote la zaidi. Alikuwa uani, amelaza friji ya mteja, anafungua mfuniko wa nyuma, na mkewe anaanika nguo. Hakuuliza jina la yule mwanamume, hakuwahi kuliuliza.

"Ulipokuwa unamwona anavyozidi kuharibika," alisema, "ulikuwa unamwogopea nani?"

Mkewe alirudisha nguo mbichi kwenye beseni.

"Nilikuwa najiogopea mimi."

Mumewe akarudisha skrubu moja moja mahali pake, akamwomba ashike upande mmoja wa friji. Wakaisimamisha wote wawili, kisha kila mmoja akaendelea na kazi yake.