Tairi la Ukaguzi

Pikipiki ya Haitham ilikuwa mtumba wa mtumba. Watu watatu walikwishaipanda kabla yake, na wa mwisho aliipakia magunia ya mwani mbichi mpaka chumvi ikala kila kilicholika. Ndiyo maana kila mwaka, ukaguzi ukikaribia, Haitham alikuwa hashikiki.

Jumatano mchana alikuwa kachuchumaa uani kwake Kiuyu, tambara la mafuta ya taa mkononi, akisugua kutu. Honi ililia. Breki zilishika. Indiketa ya kushoto aliifunga kwa waya, ikawaka ilipotaka. Lakini tairi la nyuma lilikuwa kipara, nyuzi zimeanza kuchungulia, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Akikosa stika ya ukaguzi, pikipiki ingezuiliwa Chake Chake, na nyumba yake ilikula kwa pikipiki hiyo.

Mlangoni mkewe Shamima alikuwa kakaa juu ya mbuzi akikuna nazi, tumbo limemtangulia. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa, na Haitham aliogopa hata kuitaja kwa sauti kubwa.

"Hilo tairi watalikubali?" aliuliza Shamima.

"Hilo lina dawa yake. Usijali."

Dawa yenyewe waliijua bodaboda wa kijiwe chao peke yao. Kijiweni palikuwa na tairi moja jema, la mwenzao Nyange, na kila aliyekwenda kukaguliwa aliliazima. Bovu lake lilifungwa kwenye pikipiki ya Nyange, kwa sharti moja tu, kwamba Nyange hapakii mtu mpaka tairi lake lirudi. Miaka mitano walifanya hivyo, wakaguzi wakawasifu, wao wakarudi wanacheka. Werevu kwelikweli. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje wanaume kumi wazima wana tairi moja.

Alasiri ile Nyange alikaza nati ya mwisho, akabinya kipara cha mwenzake kwa dole gumba, akaguna.

"Hili limekwisha, Haitham. Jiwe moja tu la njia ya Micheweni, basi."

"Kwani wenda wapi weye kesho?"

"Mie siendi popote. Nashinda kondeni."

Alhamisi mvua iliamka nao. Uwanja wa ukaguzi ulijaa pikipiki, na Haitham alisimama kwenye foleni tangu saa moja, maji yakimchuruzika shingoni. Zamu yake ilipofika, mkaguzi aliwasha taa, akapiga honi, akavuta breki. Indiketa ya kushoto ikawaka. Kisha akainama nyuma, akapitisha kidole kwenye meno ya tairi, akawaita waliokuwa foleni.

"Njooni muone. Nyinyi mwaniletea vipara hapa. Mtu anayejali roho za abiria wake hufanya kama huyu."

Haitham aliinamisha kichwa, akaona raha. Simu ikalia. Alikuwa Bi Mwanabaraka, mama mkwe wake.

"Mwanangu, Shamima chupa imepasuka. Usitie hofu. Gari ya wagonjwa imekwenda mbali, na boda wengine wote wamekwenda na abiria. Bahati nzuri nimemkuta Nyange kwake, mvua imemzuia kwenda konde. Kasitasita, nikamwambia, weye ndiye mwenye tairi jema Kiuyu nzima, leo wanigomea mie? Keshampakia. Wanakwenda hospitali ya Micheweni."

"Mama, mzuie. Mwambie asubiri."

"Amzuie nani? Washaondoka."

Alimpigia Nyange, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Aliijua njia ile, aliijua kila hatua yake. Ni mawe ya matumbawe yaliyochongoka, na mvua ikiosha udongo wa juu yanabaki wazi yakikata kila kipitacho.

"Una nini?" aliuliza mkaguzi.

"Mke wangu anajifungua."

"Basi subiri stika yako uende. Dakika tano tu."

Na alisubiri. Hilo lisemwe. Moyo unamwambia aondoke, miguu imeganda, kwa sababu bila stika angesimamishwa njiani, na kwa sababu mwaka mzima aliitamani stika ile. Walipombandikia aliondoka bila kushukuru.

Njia nzima tairi la Nyange liliishika ile lami yenye maji bila kuteleza hata mara moja. Kila kona alipokata salama, alimfikiria Shamima juu ya kile kipara, kamkumbatia Nyange kiunoni. Alimwomba Mungu kwa sauti, mvua ikimwingia kinywani.

Kwenye uwanja wa hospitali ya Micheweni pikipiki ya Nyange haikuwapo. Haitham hakuzima hata injini, akageuza kuelekea Kiuyu.

Aliikuta kama maili mbili mbele, imelala ubavu kwenye vichaka, tairi la nyuma limefumuka. Kando yake palikuwa na ndara moja ya Shamima. Haitham aliiokota, akasimama nayo, hajui amwite nani. Mwanamke mzee aliyekuwa akitoka pwani na kamba zake za mwani alimwona.

"Wawatafuta wenyewe? Wameanguka. Wenzangu wamembeba mwanamke kwenye turubai, wamekata kwa njia ya miguu. Rudi hospitali, baba."

"Yu hai?"

"Alikuwa akilia. Rudi."

Alirudi. Alipofika mlango wa wodi alisikia mtoto mchanga akilia, akabisha. Muuguzi alimruhusu aingie. Shamima alikuwa kalala ubavu, shavu limechubuka, pajani pamefungwa bendeji, na kifuani kalaza mtoto wa kike aliyekunja uso. Haitham alilia mbele za watu, wala hakujifuta.

Mlangoni alisimama Nyange, mkono umefungwa kitambaa chenye damu.

"Mwenzio huyu mseme," alisema Shamima kwa sauti ya uchovu. "Mtu kijiji kizima chamsifu kwa tairi lake, kumbe anapakia watu kwa kipara. Nimemwona mwanangu akifa, Haitham. Hewani pale nimemwona."

Nyange aliangalia sakafu, asijitetee hata kwa neno. Angenyamaza hivyo mpaka kaburini, na Haitham alilijua hilo. Ingetosha yeye naye kunyamaza.

Akaiweka ile ndara chini ya kitanda.

"Lile tairi langu, Shamima. Tumebadilishana jana. Lake nimekwenda nalo Chake, nikakaguliwe."

Shamima alimhamisha mtoto polepole, akamlaza upande wa ukutani, mbali na baba yake, akageuza uso kumwelekea mtu wa mlangoni.

"Shemeji Nyange," alisema, "mkono wauma bado?"