Mji Alionipa Marie

Asubuhi ile ya Ijumaa nilimkuta mwanamke nisiyemjua akifagia uwanja wa Marie kwa ufagio wa Marie. Nilikuwa nimebeba pasi ya makaa, imekwisha kushika moto, kwa sababu tulikubaliana kunyoosha nguo zetu pamoja. Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumamosi yetu. Nikasimama penye ua wa minyaa, joto la pasi likinipanda mkononi.

"Karibu, mama," akasema. "Miye ni Larissa. Unatafuta nani?"

"Mwenye ufagio huo."

Akacheka, akidhani natania. "Mama Marie? Alishaenda. Basi ya benye kuenda Kanada imewachukua alfajiri, yeye na mutoto wake Gradi. Nyumba ameniachia miye."

"Wewe alikwambia lini?"

"Ee, siku mingi! Mahindi yalikuwa ingali mabichi. Alisema nifunge kinywa, kwa sababu jirani bengine biko na jicho mubaya."

Jirani wengine. Kutoka mlango wangu hadi wa Marie hata kifaranga hachoki.

"Alivaa nini?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo, nikaacha mengine yote.

"Kitenge kipya cha bluu. Mikono mirefu, ndani kimewekwa kitambaa kizito. Alipendeza, mama!"

Kitenge hicho nilikijua. Tulikikata kwenye jora moja, tukampelekea fundi mmoja pale Misiera, ili tutembee Mbarara tukiwa sare. Mimi nilitaka mikono mifupi. Marie akamwambia fundi aweke kitambaa kizito kwa ndani. "Mbarara ina baridi gani hiyo?" nikamcheka, na fundi naye akacheka. Marie akainama akaokota vifungo ambavyo havikuwa vimeanguka.

Hapa kwetu Nakivale, kambini kwa wakimbizi, safari ya ng'ambo ni kama mimba changa: mwenye nayo haitangazi. Watu huamini kwamba ulimi mmoja mchungu waweza kulirudisha jina lako chini ya rundo la majalada, na jicho moja likikutazama vibaya, ndege itakuacha. Desturi hiyo naijua, tena nimewahi kuitetea mbele ya walioicheka. Lakini mlango hufungiwa walio nje. Sikuwahi kujua kwamba mimi nilikuwa nje.

Marie alitoka Fizi kule Kongo, mimi nilitoka Burundi, na shamba lake na langu hutenganishwa na tuta moja la viazi. Yeye huniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa nimemtangulia kuzaliwa. Jioni tulikaa jikoni kwangu tukichambua maharage, nami nikimtegea vitendawili, maana hicho ndicho chakula nilichotoka nacho kwetu bila mtu kuninyang'anya mpakani. Kila nikitega, Marie hushindwa. Na sheria ni ile ile: aliyeshindwa kutegua humpa mtegaji mji, mtegaji huenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akavishwa, ndipo akarudi na jibu. Amenipa Uvira. Amenipa Bukavu. Bujumbura amenirudishia mara nyingi kuliko serikali yoyote. Miji yote hiyo nimeizuru nikiwa nimekalia kigoda, ungo mapajani.

Siku moja akasema, "Nakupa Mbarara."

Nikafungua kinywa niende, nikasita. "Marie, huu si unafikika?"

"Unafikika, yaya."

"Na tunaujua kwa hospitali tu."

Tangu hapo tukaipanga Jumamosi hiyo kama watu wapangao arusi. Marie alitaka tupigwe picha chini ya sanamu ya ng'ombe, pale barabara zinapozunguka, kisha tukale Nyamityobora, ndizi za kupika pamoja na ule mchuzi mweupe wa samli ambao Wanyankole huusifu. Mimi nilitaka twende upande wa Kakiika tukawaone ng'ombe wenyewe, na pembe zao kama matawi, tunywe maziwa huko huko. Halafu jua likipungua makali, tusimame darajani juu ya mto Rwizi.

"Tufanye nini pale?" Marie akauliza.

"Tusimame."

"Kusimama tu? Yaya, weye ni mutu wa ajabu! Tuache shamba, tuende fasi ya mbali, tusimame?"

"Hapa tunasimama kwenye foleni. Kule tutasimama kwa hiari yetu."

Alicheka mpaka akamwaga maharage. Msimu ule hakuwa amepanda ya kwake. Alisema mgongo unamuuma, nami nikampalilia hata lile tuta la katikati.

Alhamisi jioni, tulipokwisha kukubaliana tutaanzia wapi na kuishia wapi, nikamtegea: "Ninaishi naye nyumba moja, kila siku namfungulia mlango, naye hutokea paani."

Marie aliinua macho akalitazama paa la jiko langu, kwa muda mrefu. "Hicho kigumu, yaya. Muji nitakupa kesho kutwa, tukiwa njiani." Aliponiaga aliushika mkono wangu kama mtu anayepima uzito wake. Nikadhani ni furaha.

Asubuhi ile ya Ijumaa nilirudi nyumbani na pasi yangu na kitenge changu. Vanessa, mjukuu wangu, alikuwa akiosha vyombo. Hakuuliza kwa nini kitenge bado kina makunyanzi. Hapo nikajua.

"Na wewe pia?"

"Bibi, aliniapisha."

"Kwa nani?"

"Kwa Bikira Maria."

"Yeye Mprotestanti akuapishe kwa Bikira wetu?"

"Alisema wake mimi simwogopi." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Bibi, alisema ukijua, miguu yake haitapanda basi."

"Na Larissa naye kaambiwa nina jicho. Yupi kati yenu ndiye aliyeambiwa kweli?"

Vanessa akavirudia vyombo vyake. Angekuwa na mji, angenipa.

Usaliti wa adui una faida moja: unajua pa kuurudishia. Huu wa Marie niliugeuza siku nzima kama kaa la moto, kila kiganja kikaungua. Niliwaza kuchukua makasi nikikate kile kitenge niwagawie wasichana vitambaa vya kichwa. Mwishoni nilikinyoosha. Nilikinyoosha kwa nguvu nyingi kuliko kilivyohitaji.

Jumamosi nikaenda. Vanessa alitaka kunifuata. Nikamwambia abaki na kiapo chake.

Mbarara ilikuwa pale pale, haijui lolote. Kwenye sanamu ya ng'ombe kijana mpiga picha alinisimamisha, akaangalia kwenye kamera yake, akaishusha.

"Mukaaka, ingia katikati," akaniambia. Ndivyo Wanyankole wanavyomwita bibi. "Wewe nasimama upande moja. Iko mwengine nakuja?"

Nikajitazama. Kweli, nilikuwa nimesimama pembeni, mkono wa kulia umeacha nafasi ya mtu mzima.

"Hakuna anayekuja," nikasema, nikaingia katikati.

Kule Nyamityobora nilikula mchuzi ule mweupe. Ulikuwa mtamu, nami nikaukasirikia kwa utamu wake, maana sikuwa na wa kumwambia. Kakiika niliwaona ng'ombe na pembe zao. Kisha nikasimama darajani. Maji ya Rwizi yalikuwa ya rangi ya chai, yakipita bila kumuaga mtu. Nilisimama hapo kwa hiari yangu mpaka nikaona kwamba hata hiari, ukiwa peke yako, hufanana na foleni.

Mvua za kupandia zilipofika, simu ya Vanessa ililia mchana, tukiwa jikoni. Aliipokea, akasikiliza, akaninyooshea bila kuniangalia.

"Yaya, ni miye."

Sauti yake ilikuwa karibu, kama iko nyuma ya ua wa minyaa.

"Yaya, ile nguo uliivaa?"

"Niliivaa. Nilikwenda."

"Ulienda? Mbarara? Peke yako?"

"Mji ulikuwa umekwisha kutolewa."

Upande wa pili mlango ulifungwa, na upepo uliokuwa ukivuma huko ukakatika.

"Marie. Uliogopa jicho langu?"

Ningeweza kumsaidia, ningesema, najua, ulichelea machozi. Sikumsaidia.

"Niliogopa batu bote, yaya," akasema mwishowe. "Na weye pia. Siku zingine. Mchana nakuangalia unavyofurahia hiyo Jumamosi, najiambia, huyu hawezi kunifunga njia. Kiisha nikilala, roho inaniuliza, na kama anaweza?"

Lilinichoma. Lakini miaka yote niliyomjua, hilo lilikuwa neno la kwanza alilonipa bila kulifunga kwenye kitambaa.

"Yaya? Uko?"

"Nipo."

"Ni moshi."

"Nini?"

"Kile kitendawili. Ni moshi."

Nikakaa kwenye kigoda. "Umekijua lini?"

"Jioni ile ile."

"Na vile vingine?"

Akatoa kicheko kidogo, cha mtu aliyekutwa mkono ungali chunguni. "Yaya, hata mutoto anajua yai ni nyumba isiyo na mulango. Lakini weye ulikuwa unapenda sana kusafiri."

Uvira. Bukavu. Bujumbura yangu. Nilijaribu kuzihesabu zile jioni, nijue kama nilikuwa napewa au nadanganywa, nikashindwa kuzitenga. Zilikuwa zimeshikamana kama nafaka na maganda kabla ya kupepetwa.

"Yaya," Marie akasema, taratibu, kutoka huko kwenye baridi yake. Hajawahi kunitegea mimi hata siku moja. "Kitendawili."

Neno la kumwitikia ni moja tu, na kila mtoto analijua. Vanessa aliinua uso kutoka kwenye ungo, akaningoja. Moshi ulikuwa umejaa jikoni, unachoma macho. Nikanyoosha mkono nikausukuma mlango, nikauacha wazi, ingawa najua moshi haupiti huko.